Kung'oa visiki bila trekta baada ya kimbunga

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Niko kando ya Mchinga, Lindi. Upepo na mvua vimeniangushia miti saba. Mikorosho miwili imeng'oka, mizizi imesimama juu kama ukuta. Wa tatu umevunjika kiunoni lakini shina limebaki wima na imara. Wa nne ulianguka njiani, vijana wakaukata chini kabisa, kimebaki kisiki sawa na ardhi. Minazi miwili imelala. Na mwembe mkubwa umeinama na kung'oa mizizi ya upande mmoja, mita tatu tu kutoka ukuta wa nyuma wa nyumba. Trekta haipatikani na fedha ya kukodi sina. Nina majembe, shoka, panga na vijana wawili wenye nguvu. Je, naweza kutoa visiki vyote mwenyewe? Wengine wananishauri nimwage chumvi au maji ya betri, wengine nichome moto. Na lini nipande tena?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na pole sana. Kupoteza mikorosho minne inayozaa ni pigo kubwa, kwa hiyo tuanze kwa kuokoa kinachookoka.

Kazi hii unaiweza bila trekta. Ila si visiki vyote saba vinavyostahili kutolewa, na vile vya kutolewa kila kimoja kina njia yake. Kabla ya kushika jembe, shika neno hili: kung'oa kisiki ni kazi ya kukata mizizi. Kuvuta kunakuja mwisho kabisa, na kukifika kuwe kwepesi. Anayevuta kisiki ambacho mizizi yake bado imeshika hukata kamba, huvunja mpini, na mara nyingine huvunja mguu wa mtu. Anayekata mizizi yote kwanza hukuta kisiki kinacheza chenyewe kama jino bovu.

Muda nao ni mali. Vimbunga vinavyotugusa huku kusini huja msimu wa mvua ukielekea kwisha. Kenneth cha Aprili 2019 kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Hidaya cha Mei 2024 kilipita Mafia na mvua yake ikafika Lindi na Mtwara. Miezi hiyo mchanga umeshashiba maji na hauna nguvu ya kushika mizizi, ndiyo maana miti mingi inang'oka mzimamzima badala ya kuvunjika. Unyevu huohuo ndio utakaokurahisishia kuchimba. Ngoja siku nne au tano maji yashuke shimoni, kisha anza. Ukichelewa mpaka Agosti, udongo mwekundu wa mashamba ya juu unakuwa mgumu, na mchanga wa pwani ukishakauka unarudi shimoni kila unapouchota.

Leo hii, kabla ya kazi yoyote, zuia watu kuingia kwenye yale mashimo mawili yaliyo nyuma ya mizizi iliyosimama. Watoto hupenda kujificha humo. Mti uliolala na bonge lake la mizizi ni kama mizani: shina na matawi yanavuta huku, bonge na udongo wake linavuta kule. Ukikata shina umeondoa uzito wa upande mmoja, na bonge hurudi shimoni kwa ghafla. Linaweza kurudi pale pale msumeno unapomaliza, linaweza pia kusubiri saa kadhaa. Piga hesabu ya uzito wake. Bonge lenye upana wa mita 2 na unene wa nusu mita lina karibu mita za ujazo 1.5 za udongo, na mita moja ya ujazo ya mchanga mbichi ina uzito wa takriban tani 1.7. Hizo ni zaidi ya tani 2 na nusu, na aliye ndani ya shimo hana pa kukimbilia. Zungushia miba au kamba, na uwaambie majirani pia.

Vifaa ulivyo navyo havitoshi kidogo. Ongeza mtaimbo mzito wa mita 1.5, sururu moja, beleshi, msumeno wa mkono wenye meno makubwa, tupa ya kunolea, na kamba ya katani au ya nailoni yenye unene wa kidole gumba, mita 20 angalau. Ukipata mnyororo na cheni bloki (kifaa cha mnyororo cha kuinulia injini) ya kuazima gereji, ya tani 2 au 3, ni bora zaidi. Shoka tenga mawili: moja zuri la kukatia shina, jingine lililochakaa la kukatia mizizi ndani ya udongo. Mchanga humaliza makali ya shoka kwa mapigo machache tu. Kila mzizi unaotaka kuukata usugue kwa mkono, umwagie kikombe cha maji, ndipo upige. Inaonekana kama kupoteza muda, lakini inakuokoa kunoa kila baada ya dakika kumi. Vaeni mikono mirefu. Mwembe na mkorosho ni wa ukoo mmoja, na utomvu wake huwasha na hata kubabua ngozi za baadhi ya watu, hasa jasho likichanganyika nao.

Sasa twende mti kwa mti, tukianza na minazi. Unaweza kuona ndiyo ya kuachwa mwisho kwa kuwa haina tena faida, lakini ndiyo yenye haraka kuliko yote. Mnazi ulioanguka mara nyingi haurudi. Una kichwa kimoja tu cha kukulia, na kikifa hakuna chipukizi litakalotoka kwenye shina. Shina linalooza na kisiki chake ndipo anapozalia chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe. Hutaga mayai kwenye mti uliooza au kwenye lundo la samadi, na mabuu yake meupe yaliyojikunja hula humo kwa miezi. Wakishakomaa huruka hadi kwenye minazi mizima, hutoboa kilele, na makuti hufunguka yakiwa yamekatwa kwa umbo la V kana kwamba mtu ameyapunguza kwa mkasi. Minazi yako miwili iliyolala ikiachwa mpaka mvua zijazo italeta madhara kwenye minazi ya jirani iliyonusurika na upepo.

Habari njema ni kwamba kisiki cha mnazi ndicho chepesi kuliko vyote. Mnazi hauna mzizi mkuu unaozama chini. Una mamia ya mizizi membamba, unene wa kidole, inayotoka pande zote kwenye kitako kilichovimba. Chimba mfereji kuzunguka kitako, sentimita 40 kutoka kwenye gome, kina cha sentimita 60. Tumia panga zito au sururu yenye upande mpana, si shoka. Katia mizizi karibu na kitako, pale ilipokaza, kwa sababu ile iliyo mbali hukwepa pigo. Ukishazunguka, ingiza mtaimbo chini ya kitako na ukiinue kutoka pande tofauti. Kwa mnazi uliokwisha kulala, nusu ya mizizi hiyo imeshakatika. Watu wawili wanamaliza kisiki kimoja kwa asubuhi moja.

Shina lipasue kwa kabari katika vipande vya mita moja, uvipange juu ya mawe jua liingie ndani. Kikavu hakimfai chonga. Sehemu ya chini ya mnazi mzee, upande wa nje, ni ngumu na hufaa kwa mabenchi, kingo za vitalu au vivuko vya mifereji. Sehemu laini ya katikati na kichwa vichome vikishakauka. Kitako chenyewe kipasue mara nne, maana kikiachwa kizima hakikauki kwa ndani hata kikikaa juani miezi mitatu. Ukikuta mabuu wakati wa kupasua, yatoe uwape kuku.

Mkorosho uliovunjika kiunoni usiutoe. Hili nakusihi. Kama shina lililobaki halitikisiki unapolisukuma kwa bega, mizizi yake ni mizima, na mizizi hiyo imechukua miaka mingi kujijenga. Likate shina kwa msumeno, sentimita 50 hadi mita 1 kutoka ardhini, chini ya pale ulipoishia mpasuko. Mkato uwe na mteremko ili maji yasikae juu yake. Shina likitaka kupasuka unapokata, anza kwa mkato mfupi upande wa chini ndipo ukate kutoka juu. Baada ya wiki kadhaa litachipua. Acha machipukizi yenye afya manne au matano yaliyosambaa kuzunguka shina, mengine yaondoe. Yakifikia unene wa penseli, mwite mtu anayejua kubebesha, yaani kuunga kijiti cha mti bora juu ya mti mwingine, aweke vikonyo (ndivyo vijiti hivyo) vya mbegu bora. Kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) cha Naliendele, Mtwara, ndicho kinachotafiti korosho nchini, na afisa ugani wa kata yako anaweza kukuelekeza pa kupata vikonyo. Mti uliobebeshwa juu ya mizizi ya zamani huanza kuzaa mapema kuliko mche mpya, na ukiupata wa mbegu bora hasara yako inageuka kuwa nafuu.

Tufike kwenye mikorosho miwili iliyong'oka. Hapa upepo umekufanyia sehemu kubwa ya kazi, kwa hiyo ni vyema kumalizia. Kosa kubwa ambalo watu hufanya ni kukata shina kitakoni, karibu na mizizi, ili "kupunguza mzigo". Wakishakata hivyo, wanabaki na bonge lisilo na mpini. Shina lako ndilo wenzo wako. Acha urefu wa mita 1.5 hadi 2 ukiwa umeshikana na mizizi. Kamba ikivutwa kwenye ncha ya kipande cha mita 2 inageuza bonge kwa nguvu mara nne zaidi ya kamba hiyohiyo ikifungwa nusu mita kutoka kwenye mizizi, na vijana ni walewale wawili. Urefu huo pia unabaki kama uzito wa kulizuia bonge lisirudi shimoni kwa kasi.

Anza kwa kupogoa matawi madogo. Yale makubwa yaliyolibeba shina yaache kwanza, kwa sababu ukikata tawi lililobeba, shina linabingirika. Kisha funga kamba iliyokunjwa mara mbili kwenye mizizi minene ya juu ya bonge, uipeleke upande mti ulikoangukia, uifunge chini kabisa kwenye shina la mti mwingine ulio hai. Ikaze. Kazi yake ni kulishika bonge lisirudi. Ndipo ukate shina, ukisimama ubavuni, wala si nyuma ya bonge, na ukiwa na njia ya kurudi nyuma isiyo na matawi ya kukukwaza. Tazama mfereji wa msumeno kila baada ya kuvuta mara kumi. Ukianza kubana, mti unasukumwa upande huo. Piga kabari ndogo ya mti ndani ya mfereji, toa msumeno, malizia upande wa pili. Ukifunguka wenyewe kwa haraka, mti unavutwa upande huo na utakatika kabla hujafika mwisho, kwa hiyo punguza kasi na kaa tayari. Kama umepata fundi mwenye msumeno wa mashine, mwambie jambo hilihili la urefu kabla hajawasha. Wengi wao wamezoea kukata sawa na ardhi.

Shina likishakatwa, usikimbilie mizizi. Toa udongo kwanza. Kutokea ubavuni, gonga bonge kwa mtaimbo ukianzia juu, udongo uanguke shimoni, ambako unatakiwa kurudi hata hivyo. Mchanga wa Mchinga utatoka kwa urahisi, na palipo na mfinyanzi mwagia ndoo ya maji, uache usiku kucha, ugonge tena asubuhi. Kila beleshi la udongo linaloanguka ni uzito ambao hutauvuta. Bonge la tani mbili na nusu linabaki kilo mia chache za mti.

Sasa utaiona mizizi iliyobaki imeshika wapi. Upande upepo ulikotoka imeshakatika au kuchomoka. Iliyoshika ni ile ya upande mti ulikolala, iliyokunjika chini ya kitako, na huwa michache. Chimba chini ya kipande cha shina ulichoacha, pande zote mbili, mpaka uione. Kila mzizi mnene ukate mara mbili, mikato ikiachana sentimita 25, utoe kipande cha katikati. Mkato mmoja hautoshi. Mzizi uliokatwa mara moja unabaki umebanana ncha kwa ncha, na bonge likigeuka linakwama papo hapo. Ukimaliza, legeza kamba ya kuzuia, hamishia ncha yake kwenye mwisho wa shina, na vijana wavute kwa ubavu, kushoto kisha kulia. Usivute kuelekea juu. Kugeuza kwa ubavu ndiko kunakokatisha vizizi vya mwisho. Bonge likishalegea, libingirishe kando ya shimo na uliache likauke.

Kama uvutaji ni mgumu, simama. Kuna mzizi hujaukata. Rudi utafute, usiongeze watu kwenye kamba.

Kisiki kile kilichokatwa sawa na ardhi ndicho kigumu kuliko vyote vya mikorosho, kwa sababu hakina mpini. Kama hakiko kwenye njia wala mahali pa kujenga, kiache. Mti wa mkorosho si mgumu, mchwa na unyevu wa pwani vitakimaliza ndani ya miaka michache. Kitajaribu kuchipua. Yakate machipukizi kila baada ya wiki tatu, nacho kitachoka. Wapo wanaopaka dawa ya magugu ya glaifoseti kwenye mkato mbichi. Inaua kweli, lakini mizizi ya mikorosho iliyo jirani inaweza kuwa imeungana chini kwa chini, na dawa ikahamia mti mzima ulionusurika. Kwenye shamba la korosho siipendekezi.

Ikiwa lazima kitoke, pima upana wake. Kwa kisiki cha sentimita 40, chora duara sentimita 70 kutoka kwenye gome na uchimbe mfereji wa upana wa nusu mita na kina cha sentimita 60. Upana huo ni wa shoka. Ukichimba mfereji mwembamba ili kuokoa nguvu, mpini hautapata nafasi na utapata robo tu ya nguvu ya kila pigo. Kata mizizi ya pembeni kwa mtindo uleule wa mikato miwili. Kisha chimba chini ya kitako upande mmoja mpaka uufikie mzizi mkuu unaoshuka. Huo usiupige kwa shoka ukiwa umeinama shimoni. Ukate kwa msumeno wa mkono, nao utakatika taratibu bila kukurushia vipande usoni.

Kikikataa kuinuka, tafuta gogo lililonyooka la mita 2 na unene wa sentimita 15. Zungusha mnyororo kwenye kisiki na kwenye gogo, nusu mita kutoka ncha moja. Ncha hiyo iegemee juu ya rundo la mawe au ubao mpana upande mmoja wa shimo, na ncha ya pili iinue kwa jeki ya gari upande wa pili. Chini ya jeki weka ubao wa sentimita 30 kwa 30 wenye unene wa sentimita 5, la sivyo jeki itazama mchangani huku kisiki kikikutazama. Inua sentimita chache, jaza mawe chini ya kisiki, shusha jeki, panga upya. Mtu asiingize mkono chini ya kisiki kabla mawe hayajawekwa. Mnyororo ukikaza, hakuna anayesimama kwenye mstari wake.

Na kwenye mashimo yote haya: kuta za mchanga huporomoka bila kutoa taarifa. Kina kikizidi mita moja, panua mdomo wa shimo upate mteremko, usiache kuta wima.

Mwembe ndio unaonitia wasiwasi, kwa sababu ya nyumba. Kwanza kagua ukuta wa nyuma na msingi leo. Tafuta nyufa mpya, na utazame kama ardhi kati ya mti na ukuta imeinuka. Ikiwa imeinuka, kuna mzizi uliopita chini ya msingi, na kila mara mti unapotikiswa na upepo msingi unatikiswa nao. Ikiwa mwembe umeinamia nyumba, au waya wa umeme unapita karibu na matawi, hapo kazi si yako na vijana wawili. Wapigieni TANESCO kuhusu waya na mtafute mkata miti mwenye uzoefu wa kuteremsha matawi kwa kamba. Hiyo ndiyo fedha pekee ninayokushauri utumie katika kazi hii yote.

Ukiwa umeinamia upande wa uwanja, utaweza. Punguza matawi yote kwanza, ukianzia ya mbali, mpaka ubaki na shina tupu. Kabla ya kulikata shina vipande vya kuni, kama limenyooka na ni nene, mwonyeshe fundi wa mitumbwi. Pwani hii mwembe ni mti wa mitumbwi, na gogo zuri linaweza kulipa gharama ya mkata miti. Kisha likate shina, tena kwa tahadhari ileile ya bonge kurudi, maana mizizi ya upande mmoja bado iko ardhini na inavuta.

Kisiki cha mwembe kilicho mita tatu kutoka nyumba, ushauri wangu ni kukiacha ardhini. Mwembe una mzizi mkuu unaozama mita kadhaa na mizizi ya pembeni minene kama paja. Kuung'oa kwa nguvu karibu na ukuta ni kuvuta msingi pamoja nao, hasa kwa nyumba za mawe ya matumbawe au za miti na udongo, ambazo hazina nondo za kuzishikilia. Chimba kukizunguka, ukikate sentimita 30 chini ya usawa wa ardhi, kata kwa msumeno mizizi inayoelekea nyumbani ikiwa nusu mita au zaidi kutoka ukutani, kisha fukia. Mizizi iliyo chini ya msingi iache hapo hapo. Itaoza polepole na udongo utajaa nafasi yake kidogo kidogo. Ukiichomoa leo unaacha pango chini ya ukuta.

Kama bonge limeinuka kiasi kwamba haliwezi kubaki, litoe kwa vipande. Pasua kitako kwa kabari na nyundo kubwa, toa robo baada ya robo, na uvute kila kipande kuelekea uwanjani, kamwe si sambamba na ukuta wala kuelekea ukutani. Kipimo cha kukulinda ni hiki: kina cha shimo kisizidi umbali uliobaki kati ya ukingo wake na msingi. Shimo la mita moja libaki mita moja au zaidi kutoka ukutani. Angalia pia bomba la maji na shimo la choo. Mizizi ya mwembe hufuata unyevu, na mara nyingi huwa imeyakumbatia.

Kuhusu chumvi na maji ya betri, usivitumie. Chumvi ya kutosha kuua kisiki inaua pia udongo unaokizunguka, na mvua inaieneza. Mahali hapo hapataota kitu kwa muda mrefu, na karibu na nyumba chumvi hula simenti na nondo. Maji ya betri ni asidi yenye risasi ndani yake, na kisima cha nyumbani kiko karibu. Oili chafu na dizeli haviozeshi mti, vinauhifadhi. Ukitaka kuharakisha kuoza, toboa matundu ya kina cha sentimita 20 juu ya kisiki, jaza mbolea ya yurea, mwagia maji, funika kwa samadi na majani, na uvilowanishe kila wiki wakati wa kiangazi. Naitrojeni na unyevu ndivyo vinavyowapa chakula vimelea vya kuozesha. Njia hii itumie kwa visiki vya mikorosho na mwembe pekee. Kwa mnazi ungekuwa unamtengenezea chonga kitalu, kwa hiyo hata samadi hiyo ukiitumia ichunguze mabuu kila mara.

Moto ninaukubali kwa sharti. Kisiki kibichi hakiungui, kinafuka moshi tu siku nzima. Bonge ulilolitoa likikauka miezi miwili au mitatu juu ya ardhi litaungua vizuri. Lakini kuchoma kisiki kikiwa bado ardhini kuna hatari watu hawaioni: moto hufuata mzizi chini kwa chini, unafuka siku mbili tatu, kisha unatokeza mita kadhaa mbali, penye majani makavu ya korosho. Katikati ya kiangazi shamba zima linaweza kuondoka. Chomea mahali palipofyekwa mita 5 pande zote, mbali na paa za makuti, asubuhi kabla upepo wa kusi haujashika nguvu, ukiwa na maji na mchanga karibu, na mtu alale hapo. Mtendaji wa kijiji apewe taarifa kabla, kwa kuwa vijiji vingi vina sheria ndogo za moto. Na ukifikiria kugeuza visiki kuwa mkaa wa kuuza, hiyo inahitaji kibali.

Mashimo yafukie mapema, kwa matabaka ya sentimita 20, kila tabaka ulishindilie na kulimwagia maji. Ukimwaga udongo wote kwa mkupuo, mvua ya kwanza italizamisha shimo na utabaki na bwawa la mbu. Acha kilima cha sentimita 15 juu ya usawa. Vipande vya mti visichanganywe na udongo wa kufukia, hasa kwenye shimo la mwembe. Mchwa wataanza na hivyo vipande na kumalizia kwenye milango yako.

Kabla ya kupanda tena, kuna swali nataka ujiulize kuhusu ile mikorosho iliyong'oka. Je, kabla ya upepo ilikuwa imeanza kunyauka, majani yakigeuka manjano na kukauka upande mmoja kisha mti mzima? Na ulipokata shina, uliona michirizi ya kahawia ndani ya mti? Ukijibu ndiyo, inaweza kuwa mnyauko fuzari, ugonjwa wa ukungu unaokaa kwenye udongo, ulioripotiwa kwanza nchini mwaka 2012 huko Mkuranga. Hapo mambo yanabadilika: usihamishe udongo wa shimo hilo kwenda kwingine, osha majembe na shoka kabla ya kuyapeleka kwenye mti mzima, usipande mkorosho mahali hapo, na umwite afisa ugani achukue sampuli.

Ikiwa miti ilikuwa mizima, panda mwanzoni mwa mvua, Desemba au Januari, kwa miche iliyobebeshwa. Shimo liwe la sentimita 60 kila upande, lichimbwe Oktoba au Novemba, lichanganywe na samadi iliyooza vizuri. Usilichimbe katikati ya tundu la kisiki cha zamani. Udongo wa hapo bado unashuka na mche utazama, na vipande vya mizizi vilivyobaki vitaita mchwa kwenye mche mchanga. Sogea mita 2 au 3 kando, ukifuata mstari wa mita 12 kwa 12 ili mikorosho isije ikafungana matawi. Upande wa kusi panda mstari wa miti ya kuzuia upepo, na mche wenyewe uupogoe mapema uwe na shina moja na kichwa kifupi kilichojaa.